Nakala ya OpenPort 2.0 kwenye Subaru Forester ya turbo: tathmini kutoka Mtwara

Kifaa ninachokitathmini hapa ni nakala ya Kichina ya OpenPort 2.0, kebo iliyobuniwa na kampuni ya Tactrix ya Marekani kwa ajili ya kusoma na kuandika upya programu iliyomo ndani ya kontroli boksi ya gari, yaani kompyuta inayoongoza injini. Nimeitumia kwenye Subaru Forester SH5 aina ya 2.0XT, yenye injini ya EJ205 ya turbo ambayo kiwandani ilipewa nguvu farasi 230, na nimeitumia nyumbani, Shangani, bila kulipeleka gari kwenye gereji yoyote maalumu. Hukumu yangu ni kwamba kebo hii inastahili fedha yake, lakini si kwa sababu ile inayowafanya vijana wengi waitafute. Thamani yake kubwa iko katika kuonyesha kile ambacho injini inakifanya muda wote, na uwezo wake wa kuandika, ambao ndio unaotangazwa na wauzaji, ni jambo la pili ambalo halifai kuguswa kabla lile la kwanza halijakamilika.

Nililipa shilingi 120,000, ikiwa ni pamoja na usafiri hadi Dar es Salaam, na baada ya hapo kifurushi kikaja kwa basi na kuchukuliwa stendi ya Mkanaledi. Kwa anayelinganisha, chombo kidogo cha kupachikwa kwenye soketi ya kupimia na kuzungumza na simu kwa Bluetooth hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo, na fundi mwenye mashine kubwa ya kupimia magari hutoza kila unapokwenda kwake. Kebo hii iko katikati ya hao wawili kwa bei, ila kwa kazi haifanani na yeyote kati yao, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya yote, mnunuzi ajue kama gari lake linahusika, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Programu ya EcuFlash, ambayo ndiyo inayoandamana na kebo hii katika kazi ya kuandika, imeundwa kwa ajili ya Subaru na Mitsubishi, na hata ndani ya kampuni hizo si kila modeli inayokubali. Magari mengi yanayozunguka kati ya Mtwara, Lindi na Masasi ni Toyota, na mwenye IST, Noah au Probox hataweza kubadilisha chochote kwenye kontroli boksi yake kwa EcuFlash, ingawa kebo yenyewe inafuata utaratibu wa mawasiliano wa J2534 na inaweza kumsaidia kupima gari kwa kutumia Techstream, programu ya Toyota ya kupimia magari. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ambayo ndiyo farasi wa barabara zetu za vumbi, hana hata cha kuandika, kwa kuwa pampu ya dizeli ya injini hiyo inaendeshwa kimitambo na hakuna kompyuta inayoamua kiasi cha mafuta. Nimekutana na kijana aliyetaka kuninunulia soda ili niende kuiongezea nguvu Land Cruiser ya tajiri wake, na ilinibidi nifungue boneti nimwonyeshe pampu. Hata kwa mwenye gari la petroli linalokubali, kama injini haina turbo, manufaa ya kuprogramu upya ni madogo kiasi kwamba seti mpya ya plagi na kichujio safi cha hewa vinaweza kumpa zaidi.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na kebo yenyewe yenye kasha jeusi la plastiki, waya wa USB, na nyaya mbili ndogo za kuunganishia modeli za zamani ambazo gari langu halizihitaji. Soketi ya gari ilikaza vizuri, jambo ambalo si la kupuuzwa, kwa kuwa kebo inayochezacheza wakati kompyuta inaandikwa ni balaa. Kabla ya kuichomeka nilipima kwa mita kwamba pini namba 16 ya soketi ya gari ina umeme wa betri na kwamba pini namba 4 na 5 zina negativu safi, na ninamshauri kila mmoja wa pwani afanye hivyo, kwa kuwa hewa yenye chumvi ya bahari hula viunganishi vya magari yetu taratibu bila dalili yoyote inayoonekana kwenye dashibodi. Waya wa USB uliokuja nao niliutupa siku ileile na kuweka mfupi ulio imara zaidi.

Upande wa programu, hali si ngumu kama inavyosemwa, lakini inahitaji subira. EcuFlash hupatikana bila malipo, toleo la 1.44 likiwa ndilo ninalotumia, na inafanya kazi kwenye Windows. Kwa kutazama mwenendo wa injini natumia RomRaider, programu huria isiyolipiwa, iliyoandikwa kwa Java, na hapa kuna jambo linalowakwamisha wengi: kiendeshi cha kebo hii, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua kebo, ni cha biti 32, kwa hiyo RomRaider nayo lazima iendeshwe na Java ya biti 32 hata kama kompyuta mpakato yako ni ya biti 64, vinginevyo itakuambia kwamba haioni kebo yoyote, nawe utadhani umeuziwa takataka. Jambo jingine linalohusu nakala peke yake ni masasisho. Programu ikipendekeza kusasisha programu ya ndani ya kebo, kataa, kwa kuwa masasisho hayo yametengenezwa kwa ajili ya kebo halisi na zipo nakala zilizokufa kwa sababu hiyo. Kiweko cha kadi ndogo ya kumbukumbu, ambacho kwenye kebo halisi huwezesha kurekodi bila kompyuta, kwenye nakala yangu ni pambo tu.

Kazi ya kwanza ni kusoma faili ya asili iliyomo kwenye kontroli boksi na kuihifadhi. Kwenye gari langu kompyuta ni ya Denso yenye kumbukumbu ya megabaiti 1, kwa hiyo faili iliyosomwa kikamilifu inapaswa kuwa na baiti 1,048,576, si pungufu wala zaidi. Isome mara mbili, kisha uzilinganishe faili hizo mbili kwa amri ya fc ya Windows. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, tatizo liko kwenye kebo, kwenye waya au kwenye umeme wa gari, na hakuna sababu ya kuendelea mpaka lipatikane. Nakala yangu ilifaulu jaribio hilo bila taabu. Faili hiyo ya asili niliiweka kwenye kompyuta, kwenye kijiti cha USB kinachokaa ndani ya bahasha ya kadi ya gari, na kwenye barua pepe yangu, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kurudi nyumbani.

Faili peke yake ni bahari ya namba. Ili namba hizo zigeuke kuwa majedwali yanayosomeka, yaani jedwali la taimingi ya cheche (wakati ambao plagi inawasha mafuta), la uwiano wa hewa na mafuta, la msukumo wa turbo unaolengwa na mengineyo, unahitaji faili ya ufafanuzi inayolingana na namba ya utambulisho ya programu ya gari lako. Magari yaliyouzwa Marekani yamefafanuliwa kwa wingi na kwa kina, wakati yale ya soko la Japani, ambayo ndiyo yanayoteremshwa bandarini kwetu, hayana ufafanuzi mwingi kiasi hicho, na mengine yana majedwali machache tu yaliyotambuliwa. Hili lichunguzwe kabla ya kununua kebo. Gari lisilo na ufafanuzi litasomeka na kuhifadhiwa, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayebadilisha namba asiyoijua kazi yake.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niisifu kebo hii, nacho ni kurekodi mwenendo wa injini wakati gari linatembea. Kompyuta za Subaru zina utaratibu wao wa mawasiliano uitwao SSM, ambao RomRaider inauelewa, na kupitia huo unaweza kuona mambo ambayo vyombo vya bei ya chini vya Bluetooth havionyeshi. Muhimu kuliko yote ni matatu. La kwanza ni kigezo kiitwacho IAM, ambacho kwenye kompyuta za biti 32 kama yangu huwa kati ya 0 na 1, na ambacho ni kipimo cha imani ya kompyuta kwa petroli iliyo tankini: kikiwa 1, kompyuta inatoa taimingi yote iliyopangwa, na kikishuka, inatoa sehemu tu. La pili ni masahihisho ya papo kwa papo yanayofanywa pale sensa inaposikia injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka isivyotakiwa ndani ya silinda, na masahihisho hayo kwenye gari langu huonekana kama hasi 1.4 au hasi 2.8 za nyuzi za taimingi. La tatu ni mafunzo ya muda mrefu ya uwiano wa hewa na mafuta, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza, yanayoonyeshwa kwa asilimia.

Wakati narekodi mara ya kwanza, IAM ilikuwa 0.75, masahihisho ya kugonga yalikuwa yakijitokeza kila nilipokanyaga mafuta mlimani, na mafunzo ya mafuta yalisimama kwenye asilimia 9 upande wa kuongeza. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwa imewaka, na mafundi niliowahi kuwalalamikia kwamba gari ni zito walinishauri nibadilishe plagi, kisha pampu, kisha sensa ya oksijeni. Asilimia 9 za kuongeza maana yake ni kwamba kompyuta inaona oksijeni nyingi iliyobaki kwenye moshi kuliko inavyotarajia kutokana na hesabu ya sensa ya hewa, kwa hiyo ama sensa ya hewa ni chafu na inahesabu pungufu, ama kuna hewa inayoingia baada ya sensa bila kuhesabiwa. Tulisafisha sensa kwanza, na hali ikabaki vilevile. Kisha fundi wangu wa Magomeni alilivua bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye turbo na kulikuta limepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana likiwa limefungwa. Bomba lililotumika lakini zima lilipatikana Dar es Salaam, na baada ya kulifunga na kuendesha gari kwa siku kadhaa, mafunzo ya mafuta yalishuka hadi asilimia 2 na uzito ule ukaondoka kwa kiasi kikubwa. Hakuna namba hata moja iliyokuwa imebadilishwa kwenye kontroli boksi hadi hapo, na tayari kebo ilikuwa imelipa gharama yake.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mtu ambaye angeanza kwa kuandika, akiwa na bomba lililopasuka, angekuwa anapanga majedwali mapya juu ya injini inayodanganywa kuhusu hewa yake. Angeweza hata kupata nafuu ya muda, na siku bomba lingebadilishwa, kazi yake yote ingekuwa batili.

Baada ya matengenezo hayo lilibaki suala la petroli. Injini hii ilipangwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipaswi kuwa chini ya okteni 96 (okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kugonga) na ambayo kwenye pampu mara nyingi hufika 98 hadi 100, wakati ile ya kawaida kwao huanzia 89. Kwenye vituo ninavyojaza mimi mjini Mtwara, petroli ni ya aina moja, na mteja anachagua lita tu. Kompyuta inajua kujihami kwa kurudisha taimingi nyuma inaposikia kugonga, lakini kujihami huko hutokea baada ya kugonga kuwa kumeshaanza, na pistoni za injini hizi za turbo hazivumilii kugongwa kwa muda mrefu, hasa katika joto letu la miezi ya kuelekea masika, ambapo kipoza hewa ya turbo (intercooler) kilicho juu ya injini huwa kimoto mno gari linaposimama kwenye foleni ya kivuko au kwenye kizuizi cha barabarani. Lengo langu la kuandika upya, kwa hiyo, lilikuwa kupunguza taimingi kidogo mahali inapogonga, ili kompyuta iache kusitasita. Nguvu za ziada sikuzitafuta, na msukumo wa turbo niliuacha kama ulivyotoka kiwandani.

Maandalizi ya kuandika ndiyo sehemu ambayo mazingira yetu yanaigusa zaidi. Kwenye gari langu ni lazima viunganishi viwili vya kijani vilivyo chini ya dashibodi viunganishwe ili kompyuta ikubali kuandikwa, na vikiunganishwa na swichi ikawashwa bila injini kuungurumishwa, feni za rejeta na pampu ya mafuta huanza kuwaka na kuzima zenyewe kwa zamu, huku taa ya injini ikimetameta. Anayeona hali hiyo mara ya kwanza hushtuka, lakini ndivyo inavyotakiwa kuwa. Tatizo ni kwamba feni hizo hula betri haraka, na betri ikishuka katikati ya kuandika, kazi inakatika. Ninaunganisha chaja inayoshikilia volti kati ya 13 na 14 muda wote, na kwa kuwa umeme wa nyumbani nao una tabia zake, ninahakikisha kwamba betri ya gari imejaa kabla ya kuanza, kiasi kwamba umeme wa ukutani ukikatika, gari lenyewe lina akiba ya kumalizia. Kompyuta mpakato iwe kwenye betri yake iliyojaa, intaneti imezimwa, masasisho ya Windows yamesimamishwa, na skrini imezuiwa kulala.

EcuFlash ina kipengele cha kujaribu kuandika bila kuandika kweli, ambacho hupitia hatua zote na kuacha ile ya mwisho tu, nacho kitumike kila mara. Katika kuandika kwenyewe, programu hulinganisha kurasa za kumbukumbu ya gari na zile za faili mpya na kuandika zile zilizobadilika peke yake, kwa hiyo mabadiliko madogo huchukua muda mfupi. Namba za uhakiki, ambazo zikikosewa gari haliwaki, hurekebishwa na programu yenyewe. Ikitokea kazi imekatika, jambo ambalo halijanipata, kanuni inayojulikana kwa watumiaji wa kebo hizi ni kutokuzima swichi ya gari wala kuchomoa kebo, bali kujaribu tena papo hapo, kwa kuwa programu ndogo iliyopakiwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kontroli boksi bado iko hai mpaka umeme uondolewe. Baada ya swichi kuzimwa, uokoaji unahitaji kuifungua kontroli boksi na kuiandika mezani, na kwa hapa Mtwara maana yake ni kuisafirisha.

Nilishusha taimingi ya ziada, yaani ile ambayo kompyuta huitoa kulingana na IAM, kwa nyuzi 2 kwenye visanduku vya jedwali vya mizunguko 2,800 hadi 3,600 kwa dakika, upande wa mzigo mkubwa wa hewa, nikasawazisha visanduku vya jirani ili pasiwe na ngazi ya ghafla, na sikugusa kitu kingine. Kipimo kilifanyika kwenye barabara inayopanda kutoka upande wa Masasi kwenda Newala, ambako ukingo wa uwanda wa Makonde hulazimisha injini kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuhitaji mwendo wa kasi, gari likiwa na abiria na mizigo. Mtu mwingine ndiye aliyeshika kompyuta. Dereva anayetazama skrini katika mlima ule ana haraka ya kuliona Shimo la Mungu, lile bonde refu la Newala, kwa karibu kuliko inavyostahili. Matokeo yalikuwa haya: IAM ilipanda hadi 1 na kubaki hapo, masahihisho ya hasi 2.8 yalitoweka, na yale ya hasi 1.4 yalijitokeza mara chache, hasa gia inapobadilika. Gari linavuta kwa ulaini zaidi kwa sababu taimingi haiyumbi tena. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi ninachoweza kukithibitisha, na yeyote atakayewaambia kwamba lita zimepungua kwa nusu anauza kitu.

Kuna mipaka ambayo kebo hii haiwezi kuivuka. Sensa ya oksijeni ya kiwandani si kipimo cha kutegemewa pale injini inapofanya kazi kwa nguvu zote, kwa hiyo anayetaka kubadilisha mafuta au kupandisha msukumo wa turbo ni lazima afunge kipimo maalumu cha uwiano wa hewa na mafuta kwenye bomba la moshi, na kipimo hicho peke yake kinagharimu kuliko kebo. Bila hicho, kupandisha msukumo wa turbo ni kubahatisha kwa injini. Kosa jingine ninaloliona likielekea kuwa la kawaida ni kununua faili zilizokwisha kutengenezwa, ambazo huuzwa mtandaoni kwa majina ya hatua ya kwanza na hatua ya pili. Forester ya turbo ya soko la Marekani ya umri huu ina injini ya lita 2.5, wakati ya kwetu ni ya lita 2.0, na faili ya moja haimfai mwenye nyingine hata kama sura za magari hayo kwa nje zinafanana. Fundi wangu aliniuliza kama angeweza kulichukua faili langu akaliweke kwenye Forester ya mteja wake: “Bosi, si ni gari lilelile?” Nilimwonyesha namba za utambulisho za programu za magari yale mawili, ambazo zilitofautiana, naye akaliacha jambo hilo.

Kuhusu kununua nakala badala ya kebo halisi, sitajificha. EcuFlash hutolewa bure na watu wanaoishi kwa kuuza kebo, na anayenunua nakala anatumia jasho lao bila kulilipa. Mwenye uwezo wa kupata kebo halisi aichukue, atapata pia masasisho, kurekodi kwenye kadi, na mtu wa kumuuliza linapotokea tatizo. Muuzaji wangu wa nakala hakuwahi kujibu ujumbe wowote baada ya kupokea fedha, hata ule wa kuuliza tu kuhusu kiendeshi, na diski iliyokuja na kebo sikuithubutu kuichomeka kwenye kompyuta yangu ya kazi. Programu zote nilizipakua mwenyewe kutoka kwa watengenezaji wake.

Kwa wenye magari ya dizeli ya kisasa, swali linalofuata huwa ni nakala za KESS V2, chombo cha kampuni ya Alientech ya Italia, ambazo zinazagaa kwa bei ya juu kidogo kuliko hii na kuahidi orodha ndefu ya magari. Chombo halisi ni cha kitaalamu na kina bei ya kitaalamu. Kuhusu nakala zake, inatosha kusema kwamba huja na onyo la kutoziunganisha na intaneti, na mimi nisingeipa kontroli boksi ya Hilux ya kazi chombo kinachoogopa mtandao. Yule chombo mdogo wa Bluetooth niliyemtaja mwanzoni ana nafasi yake: anasoma misimbo ya makosa na mafunzo ya mafuta, na lile bomba langu lililopasuka angeweza kulishuku, ila habari za IAM na kugonga asingezitoa kwa uhakika.

Mwenye Subaru ya zamani zaidi ya yangu, kwa mfano Forester SG5, ajue kwamba mawasiliano ya SSM kwenye magari hayo hupita kwa kasi ya baudi 4,800 tu, kwa hiyo akichagua vigezo vingi kwa pamoja, rekodi zake zitakuwa na mapengo makubwa na kugonga kwa sekunde moja kunaweza kupita bila kuonekana. Achague vigezo vitano au sita. Katika modeli hizo za zamani ndipo zile nyaya ndogo za ziada zinapohitajika pia, kwa hiyo asizitupe.

Nimemwarifu wakala wa bima yangu kwamba programu ya injini imebadilishwa, akaiandika kwenye jalada bila kuongeza tozo. Gari litakapouzwa, nitairudisha faili ya asili kwanza, na mnunuzi nitamkabidhi kijiti cha USB pamoja na kadi ya gari, aamue mwenyewe.